Tope Jeupe Ndani ya Bomba

Nikipita Kinoo hadi leo, hasira hunipanda. Pale kuna kiwanda cha ndoo za plastiki nilikofanyia utafiti wangu wa uzamili. Mashine za ndoo hupata joto kali, na maji ya kawaida huzipoza polepole. Kazi yangu ilikuwa kuyatia maji hayo unga mweupe wa madini uitwao alumina, laini kiasi kwamba chembe moja huwezi kuiona, ili yabebe joto upesi.

Na yalibeba. Mwanzoni ndoo zilitoka haraka mpaka mwenye kiwanda akawa ananitafuta kunisalimia. Kisha nikaona chembe zinagandana na kutuama. Nikampigia msimamizi wangu chuoni, huko mjini.

"Prof, tusimamishe. Mabomba yataziba."

"Wacha uoga. Wageni wanakuja Ijumaa kuona mradi. Tutasafisha wakienda."

Hata Ijumaa haikufika. Bomba liliziba, mashine ikachemka, plastiki iliyoyeyuka ikaruka na kumchoma mkono mama aliyekuwa akiiendesha, Mkamba wa Machakos. Mimi mwenyewe nilimkimbiza kwenye mfereji wa maji baridi, akiwa analia.

Nilipomtembelea hospitalini aliniuliza, "Msichana wangu, wanasema ni mimi nilikosea. Ni ukweli?"

Sikuwa nimesikia hayo. Siku chache baadaye niliyasikia kwa masikio yangu kwenye kikao kiwandani, msimamizi wangu akimwambia mwenye kiwanda kwa sauti tulivu kabisa: "Ni uzembe wa mfanyakazi. Teknolojia haina shida."

Fundi alikuwa amelikata lile bomba, na kipande nilikuwa nacho mkobani. Nikakibamiza mezani. Tope jeupe likaruka hadi kwenye koti la Profesa.

"Si huyo mama aliyeziba hii! Ni sisi. Na nilikuambia!"

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua. Yeye ameungua mkono. Wewe umechafuka koti."

Mwenye kiwanda alirudisha maji matupu na kugharamia matibabu. Mama alirudi kazini, ingawa vidole vyake viwili havikunjiki vizuri. Mimi nilipewa msimamizi mwingine, nikachelewa kuhitimu, lakini sura nzima ya tasnifu yangu inaeleza vile chembe hutuama.

Profesa bado anazunguka kwenye hoteli za Westlands akisifu maji yake, akionyesha matokeo ya mwanzoni tu. Wala hamtaji kamwe yule mama. Juzi nilikutana na Profesa kwenye lifti, akatabasamu: "Habari ya siku nyingi?" Nikashuka orofa iliyofuata, nikapanda ngazi.