Ng'ombe wa Boke na Filamu Isiyoisha

Mpaka leo nikienda nyumbani Nyakunguru huwa napita njia ya nyuma, ile ya kwenye migomba, kwa sababu nikipita ya mbele lazima nikutane na mtu wa kuniuliza, "Mpiga picha, ng'ombe hawajambo?" halafu acheke mpaka ashike mti, na mimi nicheke naye huku moyoni natamani ardhi ipasuke. Aibu niliyoipata haina kivuli cha kujifichia, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Chacha, maana Chacha anaongeza chumvi.

Mimi nahudumu mezani kwenye hoteli moja ya watalii kule Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Kuna mgeni mmoja mzee alipokuwa anaondoka akaniachia kamera yake ya zamani, ile ya kutumia filamu, pamoja na filamu moja. Akanionyesha namna ya kuiweka, mara moja tu, wakati mimi nina sinia la chai mkononi na meza ya pembeni inaniita, nami nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, nimeelewa mzee (huu ni ugonjwa wetu wahudumu, kuitikia kwanza, kuelewa baadaye).

Sasa ikafika siku ya kupokea mahari ya Boke, mdogo wangu anayenifuata. Msiichukulie hivi hivi siku hiyo. Wazee wa pande mbili walikuwa wameshakaa mara mbili na mara mbili wakaachana kwa maneno makali, safari moja kisa mtamba wa jicho moja. Boke alikuwa ameniambia kabisa kwamba safari hii jambo likivunjika tena, yeye na Mwita wake basi, hatangoja kikao kingine mpaka meno yamtoke. Kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa tunatembea kwa tahadhari, hata mbwa alifungwa asije akambwekea mkwe.

Na Bibi naye alikuwa na jambo lake. Picha zote za ukoo wetu zilikuwa kwenye simu ya marehemu baba, na simu hiyo ilitumbukia chooni na picha zake zote. Tangu hapo Bibi hataki kusikia picha za simu. Alitaka moja ya karatasi, yenye fremu, itundikwe ukutani aione akiamka. Nikamwambia, "Bibi, hilo niachie mimi."

Asubuhi ile nikaweka filamu haraka haraka huku naitwa nikabebe mabenchi. Kwa ambaye hajawahi: filamu ina ulimi, na upande wa pili wa kamera kuna kigurudumu chenye upenyo, ulimi unatakiwa uingie kwenye upenyo ule ukamatwe, uvute kidogo uhakikishe filamu inafuata, ndipo ufunge. Mimi niliulaza ulimi juu ya kigurudumu, nikafunika, nikaondoka, kama mtu anayemlaza mtoto bila kuangalia kama amesinzia.

Hapo bado lingekuwa kosa dogo. Kosa lenyewe ni kwamba wageni walipofika nilisimama katikati ya uwanja na koti langu (na suruali ya kuazima, pana kidogo) nikatangaza: "Jamani, leo simu zote mfukoni. Mkipiga kila mtu na yake, watu wanatazama huku na kule, picha inaharibika. Leo mpiga picha ni mmoja." Watu wakatii. Hata binamu yangu Chacha, ambaye simu yake ni kama kiungo cha mwili, akaizima.

Na nilipiga, jamani. Nilipiga ng'ombe wanakuja, nikapiga wazee wetu wanawazunguka, wanawafungua midomo, wanatikisa vichwa, halafu nikapiga Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba, anaitikia kwamba amewapokea. Nikapiga ng'ombe wanaingia zizini na akina mama wanapiga vigelegele, nikalala chini kabisa kwenye samadi ili nimpate vizuri Mzee Wambura, baba yake Mwita, akishikana mkono na Baba Mkubwa. Namba ya kamera ikafika thelathini na sita, ambayo ndiyo mwisho wa filamu, ikakwama hapo, lakini mkono wa kuvutia filamu ukawa bado unavuta laini kabisa, na mimi nikaendelea.

"Hiyo haiishi?" Bibi akauliza.

"Haiishi, Bibi. Hizi za Ulaya wanakuwekea na nyongeza."

"Hicho kitu kingekuwa bunduki," Chacha akasema, "tungekuwa tumeshakwisha wote."

Wageni wakapelekwa nyuma ya nyumba kula. Mimi nikataka kuirudisha filamu kwenye mkebe wake, nikazungusha kile kitufe cha kushoto cha kurudishia, kinazunguka bure, hakuna uzito. Jasho likaanza. Nikaingia ghalani, nikajifunika koti mwanga usiingie, nikafungua, nikapapasa. Ulimi wa filamu ulikuwa umelala palepale nilipoulaza asubuhi, haujasogea hata kidogo. Siku nzima nilikuwa napiga hewa. Nilijisikia vibaya, nisiwafiche, kama mtu aliyeitwa polisi.

Ningemfuata Bibi nikamwambia ukweli yangeisha. Lakini nilipotoka alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake kipya, akaniuliza mbele za watu, "Imetoka?" na mimi nikajibu, "Imetoka, Bibi, ila kuna chache tunarudia." Nikaweka filamu upya, safari hii kwa adabu, nikavuta nikaona kitufe cha kushoto kinazunguka chenyewe. Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Nikamwita Chacha.

"Watoe ng'ombe, tuwaingize tena."

"Wote?"

"Wote. Nataka wakiingia."

Chacha akafungua zizi (Chacha ni wa bodaboda Tarime mjini, ng'ombe anamjua akiwa kwenye sahani). Yeye namsamehe. Mimi nimezaliwa hapo, najua kabisa kwamba kwetu ng'ombe wa mahari hatolewi zizini siku aliyopokelewa, anatoka siku ndoa imekufa na mnarudishiana vyenu. Najua. Lakini wakati ule akili yangu yote ilikuwa kwenye ule ulimi wa filamu.

Ng'ombe walipoona pako wazi na njia ya kwao wanaijua, hawakungoja kuelekezwa. Wakatoka kwa mstari, wakapita mbele ya nyumba, wakashika njia. Mzee Wambura ndiyo kwanza alikuwa anajitokeza kutafuta maji ya kunawa, mfupa bado uko mkononi. Akawatazama ng'ombe wake mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Mwita," akasema taratibu, bila kumtazama mtu. "Niletee fimbo yangu. Tumerudishiwa."

Wakati huohuo Baba Mkubwa akatokea upande wa pili, akaona ng'ombe wanaondoka na wakwe wamesimama na fimbo, naye akaelewa kinyume chake. "Nani kawaruhusu kuchukua hao ng'ombe? Mmeshiba nyama yetu, sasa mnaondoka na mahari?"

"Kuchukua? Nyinyi si ndiyo mmewafukuza?"

"Tuwafukuze sisi, tumerogwa?"

Basi huyu anasema mmekataa, huyu anasema mmenyang'anya, wazee wote wamesimama, fimbo juu, Mwita amekaa chini kwenye vumbi na shati lake jeupe. Boke akatoka ndani, mikono kichwani. Hakuuliza nani, alinitazama mimi moja kwa moja. "Marwa, umefanya nini?" Na machozi yanamtoka. Mimi nimeganda na kamera usoni tangu ng'ombe walipotoka, na mkono, kwa kuzoea tangu asubuhi, unaendelea kuvuta na kubonyeza.

Bibi ndiye aliyeingia katikati. "Hakuna aliyerudisha wala aliyechukua. Ni huyu mjukuu wangu. Zungumza."

Nikamwamkia Mzee Wambura shikamoo, hakuitikia. Nikaeleza mambo ya filamu, ya ulimi, ya kigurudumu. "Fungua hicho kitu tuone," akasema. Nikamwambia mzee nikifungua sasa picha zinaungua. "Saa ile ulifungua, sasa huwezi. Wewe mura, kijana wewe, unatuchezea?" Nikaona hapa bila mfano Boke haolewi. Nikachomoa mkanda wangu wa kiunoni, nikaokota gunzi la mahindi, nikaanza kuonyesha: mzee, huu mkanda ndiyo filamu, hili gunzi ndiyo kigurudumu, ncha inatakiwa ishikwe hapa, mimi sikuishika, kwa hiyo nikizungusha gunzi, ona, mkanda umelala tu. Nilikuwa nimenogewa na mafundisho, natumia mikono yote miwili, ndipo suruali ya kuazima ikashuka mpaka magotini.

Halafu Mzee Wambura akaanza kutikisika mabega, akaangusha mfupa, akamshika Baba Mkubwa bega asianguke kwa kicheko, na Baba Mkubwa naye akamshika yeye. Walipomaliza kufuta macho, hukumu ikatoka: nitoe mbuzi wa faini, na ng'ombe niliowatoa niwarudishe mwenyewe, peke yangu. Mkanda walibaki nao, wakawa wanafundishana na lile gunzi. Ng'ombe walikuwa wameshavuka daraja. Nilikwenda kuwarudisha mkono mmoja una fimbo, mwingine umeshika suruali, kijiji kizima kiko barabarani, na simu, sasa, zote ziko nje.

Boke aliolewa, msiwe na wasiwasi. Filamu niliipeleka Ikoma, maana Tarime nzima sikupata wa kuisafisha, mgeni mmoja akaondoka nayo Nairobi na picha zikarudi. Zimetoka safi mno. Ng'ombe wanaondoka. Mzee Wambura na mfupa. Baba Mkubwa mdomo wazi. Boke, mikono kichwani, analia. Ya furaha hakuna hata moja. Bibi alichagua ile ya ng'ombe wanaondoka, akaiwekea fremu, na kila mgeni anayeingia humshika mkono kwa huruma na kumuuliza yule binti alirudishwa kwa sababu gani, basi Bibi anamkalisha kitako na kunimaliza upya.

Nimeapa: kamera ya filamu nitaishika tu nikiona kile kitufe kinazunguka, na kumwambia mtu aweke simu mfukoni, sitarudia maisha yangu yote. Boke amejifungua juzi, mtoto wa kiume. Nilimpigia kumuuliza nije lini kumtazama mpwa wangu.

"Njoo wakati wowote, kaka," akasema. "Ila kwanza niambie, utakuja umebeba nini?"