Nilimtilia Mke Wangu Glukosi kwa Uji Ili Anenepe Tena

Admin, usiweke jina langu, kwa sababu hapa Gatitu watu wananijua na ndugu za mke wangu wako kwa huu ukurasa. Mimi ni mwanamume wa miaka 49, fundi wa mbao, na niko na binti mmoja aliye chuo. Wengi huandika hapa wakilia vile wametendewa. Mimi ndiye nilitenda.

Mke wangu nitamwita Mama Njeri. Alikuwa mnene, na nilikuwa namwita tanki mbele ya wageni. Anacheka pamoja nao, halafu anaingia jikoni na kukaa huko. Miaka mitatu iliyopita akapatikana na ugonjwa wa sukari, daktari akamwambia apunguze kilo. Nilijua wiki mbili atachoka. Hakuchoka. Aliacha mkate na chai ya sukari, akawa anajiwekea viazi viwili tu kwa sahani, na kila asubuhi anatembea kwa miguu mpaka Nyeri mjini na kurudi. Akapungua kilo ishirini na sita, na hazikurudi. Sukari ikatulia, akabaki na vidonge tu. Kanisani akina mama wakamwomba awafundishe.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilianza kumchukia. Tukipanda mlima ananitangulia, kisha anasimama huko juu kuningoja nikihema.

Siku ya ruracio ya mpwa wangu, tulipopeleka mahari, ndugu yangu mkubwa aliniuliza mbele ya wazee, "Huyu bibi yako umemfanya nini? Amekauka. Watu wanauliza ati ni ugonjwa gani, ama ni wewe umeshindwa kumlisha."

Mama Njeri akamjibu kwa upole, "Mimi niko sawa, shemeji. Wa kupimwa ni huyu na hilo tumbo lake."

Walicheka mpaka wengine wakapangusa machozi. Mimi sikucheka.

Wiki hiyo nikamwambia nitakuwa nikimpikia uji wa asubuhi. Alishukuru, hata akaniombea. Anapenda uji wa wimbi mchachu, bila sukari. Nikawa natia glukosi, na ule uchachu unaificha. Nilitaka arudi vile nilimzoea. Mungu ananiona, hiyo tu ndiyo nilitaka.

Sukari ikapanda. Kliniki daktari akamwambia, "Mama, sema ukweli. Unakula nini ukiwa peke yako?" Akaapa hakuna. Nilikuwa nimekaa kando yake, na nikasema, "Daktari, huyu nitamchunga." Tulipofika nyumbani akaacha kula chakula cha jioni kabisa. Binti yetu akampigia simu, "Mum, wacha kudanganya daktari. Mashine ya kupima sukari haiwezi kukosea kila siku." Wiki mbili hawakuongea.

Mwishowe akawekwa kwa sindano ya insulini, na kila akirudi dozi inaongezwa. Na hiyo insulini, kilo zikaanza kurudi. Siku moja nilimpata kitandani na sketi ambayo zipu imekataa kupanda. Akaniuliza, "Baba Njeri, nimekosea wapi?" Nikamwambia kuna watu wameumbwa wanene, asijisumbue. Halafu nikaenda kazini nikiimba. Sitawaficha hilo.

Mwezi uliopita nilienda mazishi Kiriaini, siku tatu. Mama Njeri akajipikia uji wake mwenyewe, akajidunga dozi ile ile aliyoandikiwa kwa sababu ya glukosi yangu. Siku ya pili jirani alimpata jikoni ameanguka, jasho linamtoka, mkono umeungua kwa jiko. Sukari ilikuwa imeshuka karibu imuue.

Hospitalini daktari alimuuliza kwa nini amejidunga bila kula. Akasema, "Nilikunywa uji kama kila siku." Hakuna aliyemwamini. Daktari akanigeukia. "Mzee, kuna kitu kimebadilika huko nyumbani?"

Nikasema hapana. Akaandika kwa faili ati mgonjwa anajinyima chakula. Mama Njeri akaangalia ukuta.

Sasa amerudi nyumbani. Dozi imepunguzwa kidogo, na daktari alisema ataamua vizuri Jumanne akiona vipimo vya kila siku. Mkono bado umefungwa bandeji. Jana ameniambia, "Usisafiri tena. Bila wewe ningekuwa nimezikwa." Na mimi tangu arudi nimekuwa nikitia kijiko nusu, kwa sababu nikiacha naogopa ataanguka tena, na nikiendelea najua ninamharibu. Hata leo asubuhi nimetia, nikasimama hapo mlangoni mpaka akamaliza kikombe.

Nitukaneni, sitajibu. Lakini pia nisaidieni. Nikisema, nimepoteza mke, na binti yangu hataniita baba tena. Nikinyamaza, daktari atampimia dawa kwa uongo wangu. Nimwambie yeye kwanza, tukiwa wawili, ama ningoje niseme mbele ya daktari ndiyo asinikimbilie na panga? Wenye hekima niambieni nianzie wapi, na mnijibu haraka. Jumanne ni kesho kutwa.