Shemeji Aliyekufa Kila Alasiri

Sisi wa zamani tulisomea darasa la nne juu ya meza ya kupigia pasi. Nasema zamani kwa sababu sasa nina miaka kumi na minne, na mdogo wangu Idi ana tisa, na ukimweleza Idi mambo ya lokdauni anakutazama kama unamsimulia vita vya Wajerumani. Na yeye alikuwemo, tena muda mwingi bila suruali. Kwa hiyo haya nawaandikia wazee wenzangu, mnaokumbuka mwalimu akiwa mdogo kama stempu kwenye kona ya kioo, akiuliza kwa upole ni nani aliyeacha maiki wazi na anakaanga vitunguu.

Aliyekuwa anakaanga vitunguu ni bibi yangu.

Tulikaa Granville, kwenye nyumba ya kupanga yenye kuta nyembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya chooni anaombewa afya sebuleni. Wale wa ufukweni tuliwaona kwenye taarifa ya habari wakiota jua. Sisi wa magharibi ya Sydney helikopta ya polisi ilituzunguka juu ya mapaa kama nzi aliyeona embe. Baba alikuwa na kibali cha kwenda kazini kwenye ghala kule Ingleburn. Mama alikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini Westmead, kazi yake kuogesha wagonjwa na kuwabadilishia shuka. Na Bibi, mama yake Mama, alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea miezi mitatu. Uwanja wa ndege wakamnyang'anya dagaa wake, halafu nchi ikafunga milango naye yumo ndani. Miezi mitatu ikawa miaka. Nadhani aliwalilia dagaa kuliko alivyolilia kwao.

Watoto wa siku hizi wanakula chakula kinacholetwa na kijana wa baiskeli hadi mlangoni na bado wananuna. Sisi tulipikiwa. Asubuhi mbaazi za nazi, nazi yenyewe ya kopo, Bibi akiitukana kopo kwa kopo. Alasiri chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, na hapo ndipo televisheni ilipowashwa. Kulikuwa na chaneli moja ya bure iliyoonyesha filamu za kale za Kimarekani, zile nyeusi na karibu nyeupe. Hatukuwa na hamu nazo hata chembe. Lakini rimoti alikuwa nayo Bibi, na Bibi alikuwa ameiweka chini ya paja lake.

Kiingereza cha Bibi kilikuwa "thenkyu daling" tu, na alimpa kila mtu, hata polisi aliyepita kukagua barakoa. Kutojua lugha hakukumzuia kutusimulia filamu nzima, neno kwa neno, kwa Kiswahili. "Sasa huyu anamwambia, wewe mwanamke, nyumba umeiachia nani?" Yule mwanamke kwenye kioo alikuwa ameomba sigara.

Steringi, yaani yule mkuu wa filamu, mwenye kidevu, anayebusu mwishoni na kamwe hafi, Bibi hakumjali. Alikuwa akimsubiri mtu mwingine. Tupo katikati ya kula, mara anapiga paja: "Shemeji huyo!"

Shemeji alikuwa mtu wa masikio makubwa na uso wa mtu aliyesahau kitu jikoni. Alikuwa anafuta glasi nyuma ya kaunta. Bibi alitueleza kwamba alipokuwa msichana, sinema moja mjini Tanga ilikuwa na siku yake ya wanawake peke yao, mchana, hakuna mwanamume ila wale wa kwenye kitambaa. Wasichana walijichagulia waume humo humo. Wote walimkimbilia steringi. Dada yake Bibi, ambaye sasa ni marehemu, akasema huyo wa kwao hapana, ana wanawake wengi na kazi yake haijulikani. Akamchagua mfuta glasi. "Huyu ana ajira," alisema. Tangu siku hiyo Bibi akawa na shemeji Marekani.

Baadaye nilimtafuta mtandaoni na jina lake nikalipata, lakini nilipompa Bibi akakataa kulipokea. "Jina lake Shemeji. Usiniletee mambo ya serikali." Nikaona basi. Hata filamu zenyewe hazikumpa jina. Mwishoni, yale maandishi yanayopanda, yeye aliandikwa Mhudumu wa Baa. Au Dereva. Au Mlinzi wa Pili, na hatukuwahi kumwona Mlinzi wa Kwanza. Alianza ujana wake kama askari anayeomba kiberiti kabla ya bomu kudondoka. Akaingia kwenye filamu za kauboi, msaidizi wa sherifu, yule anayesema mimi nitabaki hapa nilinde mlango. Filamu za kauboi zilipopungua akahamia tamthilia za upelelezi, bawabu aliyeona jambo na anakaribia kulisema. Uzeeni akawa jaji mwenye usingizi, daktari mwenye habari mbaya. Miaka thelathini na kitu ya kusimama nyuma ya bega la mtu mwingine, dakika nne nne.

Chaneli haikufuata umri wake. Jumatatu alikuwa na kipara, Jumanne nywele za kutosha kugawa. Idi alidhani ni ugonjwa.

Na alikuwa anakufa. Karibu kila filamu, mapema, kabla chai haijapoa. Lakini alikuwa fundi wa kufa. Steringi akianguka hujiangalia ameangukaje. Shemeji alianza na goti, halafu mkono unatafuta kitu cha kushika, unashika kisichofaa, pazia au kofia ya mtu, na vyote vinakuja chini pamoja. Bibi alicheka hadi anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Kafa tena! Mtu gani huyu, kila siku kufa, hachoki?" Mchezo wetu ukawa huo. Anayetangulia kupiga kelele "kafa!" ndiye anapata ukoko wa mkate wa kumimina. Asubuhi, badala ya hesabu za kugawanya, tulikuwa uani tukifanya mazoezi ya kufa Kishemeji. Idi alikuwa bingwa. Alikufa akining'inia kwenye kamba ya nguo, akaishusha yote.

"Kufeni," Bibi alisema toka dirishani, "lakini kanga yangu muiache hai."

Halafu Mama akaugua korona. Aliipata wapi hakuna aliyejua, wakati ule hata duka la mkate lilikuwa mshukiwa. Aliingia chumba chetu, kilichopakana na sebule, akafunga mlango, na sisi wote tukafungiwa nyumbani pamoja naye, Baba akiwa hana kazi ila kuzunguka na dawa ya kufutia vitasa. Chakula kiliwekwa kwenye kigoda mlangoni. Mama alipewa kidude cha kubana kidoleni kinachosoma pumzi, na muuguzi alikuwa anapiga simu kila siku kuuliza namba. Tulichoambiwa sisi watoto ni kimoja tu: namba ikishuka sana, gari la wagonjwa linakuja kumchukua. Kwa hiyo tulikuwa tukisikiliza. Mlango ulikohoa mchana kutwa.

"Mwanangu, umekunywa uji?" Bibi aliuliza, mdomo kwenye tundu la ufunguo.

"Nimekunywa, Mama. Ondoka hapo mlangoni."

"Wote?"

"Mama, ondoka."

Alasiri ya kwanza Bibi aliwasha televisheni kama kawaida, ila sauti ya kusimulia aliipandisha, ili na Mama asikie kule ndani. Shemeji alikuwa msaidizi wa sherifu. Akabaki kulinda mlango. Wakampiga risasi. Goti, mkono, taa ya mafuta, chini. Mimi na Idi tulifungua midomo kwa pamoja kugombea ukoko.

"Kajificha!" Bibi akawahi, akatutolea jicho. "Mjanja huyu. Kalala chini wasimwone."

Kuanzia siku hiyo Shemeji hakufa tena. Alitupwa mtoni, Bibi akasema anaogelea, keshavuka. Jeneza lilishushwa kaburini, mjane analia, Bibi akasema mle ndani ni vyombo, wanahama. Mazoezi ya uani yakapigwa marufuku, na Idi, ambaye kipaji chake ndiyo kwanza kilikuwa kinachanua, akalia kuliko mjane.

Idi wakati ule alielewa Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza chote, kama mnavyowajua watoto wa huku. Siku Shemeji alipokuwa mgonjwa kitandani na daktari akamvutia shuka hadi juu ya uso, Bibi alisema kwa sauti kubwa kuelekea mlangoni, "Wamemfunika, kuna baridi."

"Bibi, he's dead," Idi akasema.

"Iliyokufa ni adabu yako."

"But he's dead! They covered his face!"

"Kuna watu hulala wamejifunika uso. Babu yako alilala hivyo miaka arubaini na aliamka kila siku kunidai chai."

Mlango ukakohoa, kwa muda mrefu kuliko siku zote. Tulisubiri. Baba alisimama na kitambaa chake mkononi. Kisha sauti ya Mama ikatoka, nyembamba.

"Mama, mwache afe. Mwache afe apumzike, na mimi nilale."

Bibi akachukua rimoti chini ya paja na kuzima. Akaenda jikoni, tukasikia maji yakifunguliwa na hakuna kinachooshwa.

Asubuhi namba ikashuka. Walikuja wawili, wamevaa plastiki mwili mzima, wapole sana, wakamtoa kwa mlango wa mbele amekaa kwenye kiti. Hatukuruhusiwa kukaribia. Tulipanga pua dirishani. Mama akageuka kututazama, na mimi nilikuwa nimeandaa kitu cha kuchekesha, kimenipotea hadi leo. Bibi akagonga kioo kwa pete yake.

"Vaa soksi!" akapiga kelele. "Umesikia? Soksi!"

Nyumba ilikuwa kimya siku zilizofuata. Ukitaka kujua kimya ni nini, chukua nyumba yenye bibi wa Kitanga na umnyime sababu ya kuongea. Televisheni haikuwashwa. Nilifanya hesabu zote za kugawanya, na baadhi za darasa la tano kwa bahati mbaya.

Mama alipopata nguvu ya kupiga simu ya video, alikuwa na mrija puani na hakuweza kusema sentensi ndefu. Baba alimwuliza alichoulizwa na kila mtu. Idi alimwonyesha jino linalotikisika. Bibi akapokea simu, akaishika mbali kama kioo cha kujitazamia, na akaanza kusimulia filamu ya siku hiyo.

Ilikuwa ndefu. Shemeji ndiye mwenye hoteli. Wamekuja majambazi, wanne, mmoja jicho bovu, akawafukuza kwa fagio. Mwanamke mzuri kashuka kwenye treni, kamwona steringi kapita, kamwona Shemeji anafuta glasi, kasema huyu ana ajira. Wakaoana. Mchele uliotupwa ulifagiliwa ukapikwa. Bibi alisimulia bila kupumua, na Mama kule upande wa pili aliinua kidole gumba, akakiacha hapo juu muda wote. Televisheni ilikuwa nyuma yetu, imezimwa, ina vumbi. Idi aliitazama, akanitazama mimi. Nikamkanyaga mguu.

Zikafuata filamu nyingine za aina hiyo, moja kila simu. Shemeji alijenga reli. Shemeji alimshinda wakili. Miaka yote ile hakuna tajiri wa Hollywood aliyempa nafasi ya mbele, akaja kuipata Granville, kwa mtu mmoja kitandani.

Mama alirudi nyumbani amekonda, anapumzika kila baada ya hatua chache kama simu yenye betri mbovu. Tulimweka kwenye kochi, mto huku, mto kule, blanketi, soksi jozi mbili. Alasiri Bibi akamtazama, akamtazama tena, akawasha televisheni.

Filamu ilikuwa ya treni. Shemeji alikuwa mkagua tiketi. Hata chai haijamiminwa, mlango wa behewa ukafunguliwa, na sote tuliokuwa na uzoefu tukajua. Bastola. Goti. Mkono ukatafuta, ukashika begi la abiria, nguo zikamwagika, naye juu yake.

Idi alikuwa amefungua mdomo na kuushika wazi kwa mikono miwili, anamtazama Bibi. Bibi alikuwa anamtazama Mama.

"Huyo vipi?" Mama akauliza, taratibu. "Anapumzika?"

Bibi akamwangalia vizuri, kuanzia uso hadi soksi.

"Huyo kafa," alisema. "Kafa kabisa, masikini shemeji yangu."

Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukaganda wote na vikombe mkononi, kikapita. "Alikuwa anakufa siku zote zile," Mama alisema alipopata pumzi. "Mlango ni wa mbao, Mama, na Kiingereza nakisikia." Bibi akamjibu anyamaze anywe chai. Ukoko akaupata Idi, aliyeshangilia "kafa!" mara tisa, kufidia.

Milango ya nchi ilipofunguliwa Bibi alirudi Tanga. Ile chaneli mchana sasa inauza vikaangio. Tuna televisheni kubwa kama mlango wa gereji na hakuna anayeitazama. Baba ana simu yake, Mama, amerudi kazini, ana yake, na mimi yangu. Wakati mwingine namtafuta Shemeji humo, yupo, vipande vya dakika moja moja, namtazama akishika pazia na kushuka nalo, halafu kinaanza kipande kingine cha mtu anayepika tambi.

Idi ndiye wa kizazi kipya. Anatazama filamu kwa kasi mara mbili, vijidude masikioni, chakula mkononi, watu wanaongea kama panya. Juzi nilipita nyuma yake nikaona mzee mmoja ameanguka ngazini na wengine wanamruka. Nikamtoa kidude cha sikio moja, nikamwuliza huyo kafa au vipi.

"Sijui," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa. "Hapo nimeruka mbele."