Mikaratusi Chini ya Laini ya Bahati

Maziwa yalipochacha kwenye tangi kwa mara ya pili, nilivaa viatu vyangu vya kanisani nikatangaza kwamba nakwenda Naivasha. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa hapa Bahati, na tangi la kupoza ni mali ya kampuni inayonunua maziwa yetu. Kampuni ilikuwa imetuonya: yakichacha tena, tangi linahamia Elburgon. Likienda, tunarudi kuuza kwa chupa kando ya barabara. Shida ilikuwa stima. Kila jioni taa zilififia hadi ukaona waya mwekundu ndani ya balbu, na sasa mota ya tangi ilikuwa imeungua. Redio nayo ilitusimulia kila siku jinsi mvuke wa ardhini kule Naivasha unavyozalisha stima, na mpwa wangu Wambui ni injinia huko huko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikaamua kwenda kuinama mpaka kwenye shimo lenyewe.

Asubuhi mimi na dereva tuliondoka kwa pikapu ya kikundi, mota ikiwa miguuni pangu. Tulimpita jirani yangu, Mzee Koros, akifungua geti lake. Zamani angepaza sauti kuuliza navipeleka wapi viatu hivyo. Tangu vurugu za mwanzo wa mwaka huu wa 2008, baada ya uchaguzi, zilizogombanisha kabila lake na langu, salamu zimepungua kwetu. Namshukuru Mungu hakuna aliyemchomea mwenzake nyumba, lakini Koros aliacha kuleta maziwa kwenye tangi. Aliinua kidevu tu. Nami nikainua changu.

Nakuru mjini, mota nilimpelekea Bwana Harbans, fundi ambaye baba yake pia alikuwa akifunga mota katika duka hilo hilo. Aliinusa kabla ya kuifungua.

"Mama, mimi nitafunga waya mpya, lakini itaungua tena tu. Hii mota iko sawa. Stima yenu ndio inafika kama imechoka."

"Basi naenda kuichukua kabla haijachoka."

Alicheka, na kwa kuwa pikapu ilitakiwa kurudi Bahati, akaniombea nafasi kwa dereva wa lori la mbao lililokuwa likielekea Nairobi.

Kutoka Lanet hadi Gilgil macho yangu yalikuwa kwenye nguzo kubwa za chuma. Nyaya zilipita juu ya mashamba na vibanda, na hazikusimama kwa mtu. Nilikasirika. Nilijiambia stima yetu inapita vichwani mwetu kwenda kwa wakubwa, na nikaanza kupanga maneno makali ya kumwambia yeyote nitakayemkuta. Kabla ya Naivasha tuliona mahema meupe ya watu waliofukuzwa makwao, nguo za watoto zimeanikwa kwenye kamba. Dereva alizima redio. Maneno yangu makali yakakosa pa kukaa.

Alasiri Wambui alinivisha kofia ngumu, tukapita mashamba ya maua hadi kwenye visima vya mvuke.

"Tata, ziba masikio!" aliniambia; kwetu tata ni shangazi.

Mvuke ulitoka ukinguruma hadi ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Nilifurahi kama mtoto.

"Nifungie kidogo niende nao!" nilipiga kelele.

Wambui alinipeleka mbali kidogo, palipokuwa na utulivu, kwenye uwanja wa transfoma. "Stima iko, tata, na itaongezeka. Lakini fikiria maziwa. Ukiwa na tangi kubwa na mpira mwembamba umetoboka, upande ule mwingine kutafika nini?" Alinieleza kwamba kadiri visima vinavyoongezeka, ndivyo nyaya kuukuu zinavyopaswa kubadilishwa na transfoma kubwa kuwekwa vijijini. La sivyo mvuke utabaki hapa ukiwazomea twiga wa mbugani.

Kisha alimpigia simu mwenzake anayeshughulikia laini za upande wetu, akaweka sauti ya nje ili nisikie.

"Bahati? Hiyo tuliiruka, injinia. Waya mpya tuko nayo kwa stoo. Lakini hapo chini ni msitu. Miti inagusa waya, stima inapotelea hapo. Tukitaka kukata, watu wanatoka na panga wanasema ni mpaka."

Nilitafuta jiwe nikakaa, kwa sababu kijana alisema kweli. Shamba la mzungu lilipogawanywa, vigingi vya wapimaji vilipotelea kwenye majani, na kitu pekee kilichonyooka kilikuwa laini ya stima. Baba mkwe wangu na Mzee Koros, wakiwa bado na nguvu, wakapanda mikaratusi chini yake, safu moja huku, nyingine kule, na majirani wote wakawaiga. Hakuna aliyetazama juu. Na sasa, mwaka huu kati ya miaka yote, nani angethubutu kugusa mpaka?

"Mkikubaliana, mafundi watazima laini na kukata," Wambui alisema. "Lakini lazima mkubaliane, tata."

Siku ya pili, niliporudi Bahati, sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye geti la Koros.

"Leo kuna kanisa gani?" aliuliza, akitazama viatu vyangu vilivyojaa vumbi.

Nilimweleza yote. Aligeuka akatazama mikaratusi.

"Mama Kimani, mwaka huu unakuja kuniambia tutoe mpaka?"

"Visiki vitabaki, mzee. Katikati tupande ua wa miiba, kayaba. Kayaba tutakuwa tunakata, haitafika kwa waya."

"Na nani ataanza?"

Atakayeanza atabaki wazi, na mwenzake bado ana miti yake. Niliogopa, sitaficha.

"Mimi," nikasema.

Mafundi walikuja, wakazima laini, na safu yangu yote ikaanguka. Kutwa nzima Koros hakuonekana. Jioni nilisimama uani nikajiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Asubuhi, mota ikiwa imesharudi kutoka kwa Bwana Harbans, nilipofungua mlango wa tangi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, mtungi wa maziwa mkono mmoja, miche ya kayaba mkono wa pili.

"Pima," alisema. "Halafu ambia hao vijana wakuje kwangu."

Nilipima nikiwa nimeinamisha kichwa, asione machozi.

Nilikwenda Naivasha kutafuta aliyetunyima stima, nikamkuta uani kwangu. Mvuke ni kazi ya injinia, lakini njia ya stima ilikuwa kazi yetu. Majirani wengine nao walikata yao, waya mpya umevutwa, na tangi bado liko Bahati. Kayaba imeshika. Koros humwambia kila mtu kwamba upande wake umestawi kuliko wangu. Ni kweli, lakini kwangu hatalisikia hilo.