Kaltun, Mshika Kamba wa Laga

Laga inayopita nyuma ya mji wa Banissa haina maji sehemu kubwa ya mwaka. Ni mto wa msimu, mchanga mtupu mpana kuliko barabara, unaopindapinda kutoka milima ya upande wa Ethiopia. Lakini penye kona moja, chini ya mchanga, kuna mwamba uliojilaza kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yaliyonywewa na mchanga hukwama nyuma yake. Hapo ndipo kilipo kisima cha Kaltun. Kila mafuriko hukifukia, na kila kiangazi Kaltun hukichimba upya kwa sepetu na karai, akiwatukana wanaume wanaosimama kutazama.

Mwanamke huyu ana mikono ya kuogopwa na mdomo wa kuogopwa zaidi. Kamba ya kisima chake hampi mtu. Wewe shuka ujaze ndoo. Yeye yuko juu, anavuta. Na aliyeshuka kisimani haguswi, hata awe na damu ya watu mikononi. Hiyo ndiyo mila ya visima vya laga, na Kaltun anaijua kwa uchungu, kwa sababu kaka yake, Abdihafid, aliuawa humo humo kabla yeye hajaanza kushika kamba. Alikuwa chini akichota, jiwe likamshukia likampasua kichwa. Aliyekuwa juu ni Nunow, mfugaji ambaye asubuhi ile alikuwa amegombania zamu naye. Nunow akaapa kwamba jiwe liliteleza. Wazee wakakubali, ngamia wa diya, fidia ya damu, wakatolewa, mambo yakaisha. Kwa Kaltun hayakuisha. Jiwe lile aliliweka mdomoni mwa kisima, kila anayeshuka alione.

Kiangazi cha mwaka jana kilikausha visima vingine vyote. Nunow akaja peke yake na ngamia wake, mbavu nje. Mnyama mwenye kiu hafukuzwi.

"Assalamu alaykum, abaayo," alisema, akimwita dada.

Kaltun aliijibu salamu kwa sababu ni ya Mungu. "Shuka."

Nunow akalitazama jiwe, kisha akamtazama yeye. "Kamba utashika wewe?"

"Kisima changu, kamba yangu. Kama unaogopa, kawanyweshe mate."

Akashuka. Ndoo zikapanda, hori likajaa, ngamia wakasukumana. Jua lilikuwa kali na mbinguni hamna wingu. Ghafla ngamia wakaacha maji, wakainua vichwa. Kaltun akahisi mchanga ukitetemeka chini ya nyayo zake, kisha akasikia ngurumo kutoka upande wa juu wa kona. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, na sasa laga ilikuwa inashuka.

Muda wa kumtoa ulikuwepo. Kaltun akaikaza kamba, lakini hakuvuta.

"Nunow! Laga inakuja."

"Nivute! Abaayo, nivute!"

"Jiwe liliteleza, au ulilitupa?"

Huko juu miti ilisikika ikivunjika.

"Wallahi nina watoto, Kaltun!"

"Abdihafid naye alikuwa nao. Liliteleza?"

"Nililitupa!" Sauti ilimpasuka. "Nilikuwa na hasira, nikalitupa! Nivute!"

Mikono ya Kaltun ilitaka kuiachia ile kamba, tusidanganyane. Hajawahi kutamani kitu namna ile. Lakini kisima ni chake, na aliyemo ndani yuko mikononi mwake. Akavuta, akilia na kutukana, ngozi ya viganja ikichunika, mpaka Nunow akatoka kwa magoti. Walikimbilia ukingoni huku ukuta wa tope, magogo na mizoga ukifika kwenye kona. Ulilibeba hori, ukabeba ngamia wawili waliokuwa wakilia, ukabeba na lile jiwe. Kisima kikazikwa machoni pao.

Nunow alilala kifudifudi akihema. Kisha akaketi, akajipangusa uso, akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Nilisema vile ili univute tu," alisema. "Jiwe liliteleza."

Gongo lake la kuchungia alikuwa ameliacha pale ukingoni. Kaltun akalishika kwa viganja vinavyovuja damu, akampiga nalo usoni. Pigo la kwanza lilivunja meno. La pili lilitoa jicho. La tatu halikufika, kwa maana watu waliokuja kutazama mafuriko walimkamata.

Wazee wakakaa. Mzee Shurie, ami yake Kaltun, alimwonea huruma, akamtafutia njia ya kutokea. Diya ya bahati mbaya ni nyepesi. Ya kukusudia ingemaliza boma lake lote.

"Mwanangu, ukingo ulikuwa na tope," alisema mzee. "Si gongo lilikuteleza?"

Nunow alikuwa ameketi mbele yao, kitambaa kimefungwa jichoni. Kaltun akasimama.

"Halikuteleza, adeer. Nilimpiga kwa kukusudia, na la tatu nililitaka pia." Akamgeukia Nunow. "Umesikia inavyosemwa? Mbele ya watu, bila kamba."

Jioni ile ngamia wa Kaltun walitoka bomani wote kulipa diya, na aliyewafungulia lango ni yeye mwenyewe.