Huyo Droni Ni wa Ukoo Gani?

Mimi niliishia darasa la nne, na hapa Nkende hakuna msomi aliyejenga kama mimi. Duka la vifaa vya ujenzi ni langu. Nyumba ya wageni yenye vigae mpaka chooni ni yangu. Mtu akikwama na mzigo pale mpakani Sirari, ananipigia mimi, na mzigo unatoka. Kwa hiyo mdogo wangu alipouawa Somalia, ukoo mzima ulinigeukia mimi.

Alikuwa dereva wa lori la unga. Dereva mwenzake aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyenipa habari: ndege isiyo na rubani, hiyo wanayoiita droni, ilipiga lori barabarani. Redio ikasema wameuawa magaidi. Nikamuuliza, alikuwa amebeba watu?

"Kaka, kule mwenye bunduki akikusimamisha, unamkatalia?"

Magaidi wapigwe. Nilisema hivyo zamani na bado nasema, maana wanalipua watu sokoni. Lakini aliyebonyeza kitufe huko aliko, alimjuaje gaidi na alimjuaje dereva? Nikapiga simu zangu zote. Wakubwa niliowalisha nyama choma walikohoa, wakakata.

Nikaenda kijijini Nyansurura kumwambia mama.

"Nani amemwua?"

"Droni, mama."

"Huyo Droni ni wa ukoo gani?"

Sikucheka. Kwetu mtu akiua anajulikana, na ukoo wake unajulikana. Wazee wa mila wa pande zote mbili wanakaa, na mpaka wamalize hatuli pamoja. Nikamweleza kwamba ni ndege, ndani hamna mtu.

"Tata," akasema, yaani baba, ndivyo anavyoniita akitaka kunichoma, "hilo hata mimi nisiyejua kusoma silikubali."

Akakataa kunyoa nywele, kama tunavyofanya kumaliza msiba, mpaka aliyeua aje.

Mahindi yalipokomaa nikampeleka Robanda, kando ya hifadhi, kwa dada yangu, abadilishe hewa. Jioni tembo wakaingia shambani. Akaja mtu wa wanyamapori, bwana mwenye kitambi, akarusha kidroni kinacholia kama nyuki. Tembo wakatimua mbio, watu wakashangilia. Mama hakutazama juu, wala hakuwatazama tembo. Alitazama mikono ya yule bwana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe unayekiendesha?"

"Ni mimi."

"Na kule juu unaona nini?"

Akamwinamishia kioo cha rimoti. "Tembo hao wanakwenda. Na huyu hapa ni wewe."

Mama akasogeza uso. "Hiki kidoa? Umejuaje ni mimi?"

"Si nakuona umesimama hapa karibu yangu?"

"Na ningekuwa mbali?"

Yule bwana akakishusha kidroni. Mimi, niliyezoea kumalizia watu sentensi zao, nikamshikia sanduku la kukibebea.

Mama akanigeukia. "Kumbe kuna mtu. Uliniambia hamna mtu. Basi kamlete."

Tangu siku hiyo, kila nikienda Nyansurura najaza gari: sukari, mafuta, mablanketi mazito ya nyumba yangu ya wageni. Mama anatoka na nywele zake nyeupe ambazo hazijaguswa na wembe. Hatazami mzigo. Anachungulia kwanza kiti cha pembeni yangu.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Naanza kushusha sukari.