Niliyempa Mgeni Namba

Naona haya kusimulia, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko kuwasikia watu wa Nyarugusu, ambako miaka ile ya hamsini nilikuwa mpishi wa kambi ndogo ya dhahabu, mimi niliyeacha shule darasa la tatu na hadi leo siachi karatasi yenye maandishi ipite.

Mwalimu mmoja tuliyepanda naye lori kutoka Ushirombo alinionyesha hesabu za herufi: kinachobadilika unakipa herufi, kisichobadilika unakiandika namba, na kila kipande unakitafuta peke yake kabla ya kujumlisha. Nikalewa! Nikaandika kwa mkaa ukutani mwa jiko: 2w + 6, yaani vikombe viwili vya unga kwa kila mchimbaji, na sita vya wageni watatu (kambini kwetu mpita njia hanyimwi ugali). Asubuhi nikapima unga wangu, nikamwambia karani wa stoo aende zake Geita na ufunguo, sina haja naye.

Saa saba wakatokea wakwe wa nyapara wetu, Mzee Masanja, watu kumi na watano kutoka msibani, mama mkwe mbele. Msukuma hata kumtazama mama mkwe usoni hathubutu, sembuse kumshindisha njaa! Masanja akajibanza nyuma ya jiko.

"Wapakulie."

"Mzee, wageni ni watatu."

"Watatu gani? Huoni?"

"Hesabu inasema..."

"Hesabu yako ina mama mkwe?"

Mchimbaji mmoja akasoma ukuta. "Hiyo w ni nani?"

"Ni ninyi."

"Sisi tuko ishirini tangu masika ya mwaka jana! Wageni ndio wanaobadilika kila siku, wewe umewapa namba, sisi ndio umetupa herufi!"

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Lakini walionicheka ndio walioniokoa: kila mmoja akamega nusu ya ugali wake, akaiweka kwenye sinia la wageni. Mama mkwe akala, akatuma neno: "Mwambieni mkwe wangu, ana watu." Masanja akashusha pumzi ndefu, nami nikaukunjua mkeka wangu, maana nilikuwa nimeshaufunga tayari kwa kufukuzwa.

Herufi bado nazipenda, ila unga sipimi tena kabla sijatoka kwenda kuchungulia njia.